Taa ya Nanga: Nuru kwa Ajili ya Jirani



Wasomaji wetu watukufu, wiki hii tumeyaweka kando mambo ya mapishi na malezi, tukashuka ufuoni. Hatukwenda mbali na nyumba, kwani kwa watu wa mwambao chombo ni sehemu ya nyumba. Ndicho kiletacho kitoweo, ndicho kilipacho karo ya shule na ada ya madrasa, na ndicho kimfanyacho mama alale nusu macho usiku ambao mume au mwana hajarudi. Akina mama kadhaa, wenye hisa katika vyombo na wenye watoto baharini, wametuuliza habari za taa ndogo za nanga zinazouzwa siku hizi zikiwa na kihisi cha mwanga, yaani taa zinazowaka zenyewe jua likizama na kuzimika zenyewe kukicha. Je, ni kitu cha kutegemewa, au ni pambo tu? Je, yafaa chama cha akina mama kitoe fedha zake kwa jambo hilo?

Jibu letu fupi ni kwamba yafaa, tena sana, kwa sharti moja: mwenye chombo ajue ni kazi gani ambayo taa hiyo imemwondolea, na ni kazi gani ambayo imemwachia. Jibu refu ndilo makala haya.

Taa hii ni ya nani

Taa nyingi tulizozizoea humtumikia aliyeziwasha. Taa ya jikoni humwonyesha mpishi chungu chake, na tochi humwonyesha mpita njia mahali pa kukanyaga. Taa ya nanga haiko hivyo. Mvuvi aliyetia nanga, akala riziki yake, akajifunika shuka na kujilaza kando ya nyavu zake, hana haja na mwanga huo. Pengine humkera machoni. Mwenye haja nao ni mtu mwingine kabisa, nahodha asiyemjua, ajaye gizani kwa injini yenye nguvu akiwa na abiria au shehena, na asiyeona mbele yake ila weusi wa maji. Kwa nahodha huyo, taa ile nyeupe hutamka maneno machache: nipo hapa, nami nimesimama.

Ndiyo sababu Kanuni za Kimataifa za Kuzuia Migongano Baharini za mwaka 1972, ambazo nchi yetu nayo inazifuata, hazikuliacha jambo hili katika hiari ya mtu. Chombo kilichotia nanga hutakiwa kionyeshe taa nyeupe inayoonekana pande zote, tangu kuzama kwa jua hadi kuchomoza kwake, na hata mchana pale ambapo mvua kubwa au ukungu umeziba macho. Kwa chombo cha chini ya mita 50 taa moja yatosha, iwekwe mahali inapoonekana vyema zaidi. Kwa vyombo hivi vidogo, nguvu ya taa iwe ya kuonekana umbali wa maili 2 za bahari, ambazo ni takriban kilomita 3.7.

Ipo nafuu kwa vyombo vidogo kabisa, nayo hunukuliwa sana ufuoni. Chombo cha chini ya mita 7 hakilazimishwi kuwasha taa ya nanga, maadamu hakikutia nanga katika mlango mwembamba wa bahari, wala katika njia ya vyombo, wala katika maegesho ya vyombo, wala karibu na mahali pa namna hiyo, wala pale ambapo vyombo vingine hupita kwa kawaida. Watu wengi hushika mwanzo wa kanuni hii wakauacha mwisho wake. Ni kweli kwamba ngalawa na madau mengi hayafiki mita 7. Lakini na tutazame yanakolala: mbele ya mji wa Lamu, ambako boti za abiria hupishana usiku na mchana, katika mlango wa Mkanda, kati ya mikoko, katika hori za Mtwapa na Kilifi, karibu na njia ya feri ya Likoni, na sasa upande wa ghuba ya Manda, ambako meli kubwa zimekuwa zikiingia tangu gati la kwanza la bandari mpya ya Lamu lilipofunguliwa mwaka 2021. Mahali kama hapo nafuu ile haipo, na mwenye ngalawa ya mita 5 anadaiwa taa sawasawa na mwenye jahazi.

Hesabu kidogo itaonyesha uzito wa jambo. Boti yenye kwenda maili 20 za bahari kwa saa hukata maili moja kwa dakika 3. Nahodha wake akiiona taa ya nanga kutoka maili 2, ana dakika 6 za kufikiri, kupunguza mwendo na kukata kona. Lakini akiwa hana cha kuona ila kibatari hafifu kinachotokea mbele yake mita 200 tu, amebakiwa na takriban sekunde 20. Pasipo taa kabisa, sekunde hizo nazo huenda asizipate.

Mkono uliochoka husahau

Wazee wetu walitundika kandili ya mafuta ya taa mlingotini, na ilikuwa kazi ya mtu maalumu kuitazama. Kandili ilikuwa na heshima yake, lakini ilikuwa na taabu zake pia. Upepo wa kusi huizima, kioo hupasuka, utambi hujaa masizi, na moto ulio wazi karibu na petroli ya injini ni hatari kubwa kuliko ile inayokingwa. Taa ya betri iliyokuja baadaye iliondoa moto, lakini haikuondoa jambo moja, nalo ni kwamba lazima mtu akumbuke kuiwasha.

Kumbukumbu ya binadamu huwa dhaifu zaidi katika saa ile ile ambayo taa inahitajika. Magharibi inapoingia baharini, mvuvi ametoka kuvuta nyavu, mikono imechubuka, mwili unataka sala, chakula na usingizi. Tena vipo vyombo vingi visivyolala na mtu ndani. Mwenye chombo hutia nanga alasiri, akapanda kidau hadi pwani, akaenda zake mjini. Usiku ukiingia, hakuna mkono wa kuwasha chochote. Kukicha, kama taa iliwashwa tangu jana mchana, hakuna mkono wa kuizima, nayo huendelea kuinyonya betri hadi jua la utosi. Usiku wa pili betri haina kitu.

Kihisi cha mwanga kimeletwa kwa ajili ya pengo hilo. Hakileti mwanga ulio bora zaidi. Kinachofanya ni kulichukua jambo la kukumbuka kutoka kwa mtu aliyechoka, au asiyekuwapo, na kulikabidhi kwa kifaa kisichojua uchovu.

Jicho la taa hufanyaje kazi

Ndani ya kihisi hicho, ambacho hapa tutakiita jicho, mna kipande kidogo cha madini maalumu chenye tabia ya ajabu: kikipata mwanga hupitisha umeme kwa wepesi, na kikiwa gizani huuzuia. Tabia hiyo ilitangazwa mwaka 1873 na mhandisi Mwingereza Willoughby Smith, ambaye hakuwa akitafuta taa hata kidogo. Alikuwa akishughulikia upimaji wa nyaya za telegrafu zipitazo chini ya bahari, akagundua kwamba madini ya seleniamu hubadilika kwa mwanga. Leo hutumiwa madini mengine, lakini msingi ni ule ule. Jua likizama, umeme unaopita katika jicho hupungua. Saketi ndogo huhisi upungufu huo na kuifungulia taa njia. Alfajiri ikipambazuka, mambo hugeuka.

Katika taa nyingi ndogo za sola hakuna hata haja ya jicho la pekee. Bamba la sola lenyewe ndilo jicho. Maadamu linaleta umeme, taa hujua ni mchana na hutulia ikijaza betri. Bamba likiacha kuleta umeme, taa hujua kuwa giza limeingia.

Kabla ya vifaa hivi vya umeme, bahari ilikuwa tayari imepata taa za kujiwasha kwa njia nyingine. Mswidi mmoja aitwaye Gustaf Dalén alibuni mwaka 1907 vali ya jua kwa ajili ya minara na maboya yenye kutumia gesi ya asetilini. Ndani ya kifaa chake mlikuwa na fimbo nyeusi iliyozungukwa na fimbo zilizong'arishwa. Mchana ile nyeusi ilifyonza mwanga, ikapata joto kuliko wenzake, ikarefuka kwa kiasi kidogo mno na kufunga njia ya gesi. Usiku ilirudi urefu wake, gesi ikapita, taa ikawaka. Minara iliyokuwa ikihitaji mlinzi kila jioni ikaweza kuachwa peke yake kwa muda mrefu. Dalén alipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1912, na mwaka huo huo akapoteza macho yake katika mlipuko wakati wa majaribio ya gesi hiyo. Hakuacha kazi, aliongoza kampuni yake hadi alipofariki mwaka 1937, na katika upofu wake akabuni mwaka 1922 jiko la AGA ambalo wapenzi wa mapishi katika nchi za baridi wanalijua mpaka leo.

Tumeieleza habari hii ili ifahamike kwamba taa ya kujiwasha haikuja juzi kwa ajili ya kupamba bustani. Ilianzia baharini, katika jitihada za kuwaokoa mabaharia, na imepimwa kwa zaidi ya miaka mia moja.

Mbalamwezi, radi na tochi

Swali la kwanza la akina mama huwa ni hili: je, mwezi wa kumi na nne hauwezi kulidanganya jicho likadhani ni mchana? Hauwezi, kama jicho limepangwa sawasawa. Mwanga hupimwa kwa kipimo kiitwacho luksi. Jua linapozama mbingu ikiwa safi, mwanga huwa ni mamia ya luksi. Mwezi mpevu, pamoja na uzuri wake wote, haufikishi hata luksi moja. Jicho huona tofauti hiyo kwa urahisi.

Radi na tochi ni jambo jingine, kwani mwanga wake ni mkali japo ni wa kupita. Kihisi kizuri husubiri kidogo kabla ya kuamua. Hakizimi taa kwa kumweka kwa mara moja. Hutaka mwanga udumu kwa muda ndipo kikubali kwamba kumekucha. Vilevile huwekewa mwanya kati ya kiasi cha mwanga cha kuwasha na kile cha kuzima, ili wakati wa utusitusi taa isiwe inawaka na kuzimika kama inayokonyeza. Kihisi duni hakina subira hiyo, na taa yenye kukonyeza baharini hupotosha, kwa sababu taa za kumweka zina maana zake nyingine.

Betri na usiku wetu

Mwenyezi Mungu ametuneemesha sisi wa karibu na mstari wa ikweta kwa usiku usiobadilika sana: takriban saa 12 mwaka mzima. Hili hurahisisha hesabu, kwani hatuna usiku wa baridi wenye saa 16 kama walionao watu wa kaskazini.

Taa ya nanga ya zamani, yenye balbu ya wati 10, hula katika usiku mmoja umeme wa wati-saa 120. Kwa betri ya volti 12 hizo ni ampea-saa 10, ambazo ni zaidi ya uwezo wote wa betri nyingi za pikipiki. Taa ya LED ya wati 2 hula wati-saa 24 tu, sawa na ampea-saa 2, na bamba dogo la sola la wati 10 laweza kurudisha kiasi hicho kwa siku moja ya jua la kawaida. Jicho lenyewe hula umeme mchache mno usiostahili kuhesabiwa. Faida yake katika betri ni kwamba huzima taa kukicha. Taa inayosahauliwa mchana kutwa huteketeza maradufu ya inachopaswa.

Kwa hiyo jicho na LED ni ndugu wawili wasiofaa kutenganishwa. Kuweka kihisi juu ya balbu ya zamani yenye ulafi ni sawa na kumwajiri mlinzi wa ghala lenye paa linalovuja.

Ya kuangalia wakati wa kununua na kufunga

Tunaomba wasomaji wetu wasiifanye taa ya bustani kuwa taa ya nanga. Taa zile za sola za kuchomeka ardhini zimetengenezwa kupendezesha njia ya nyumba. Mwanga wake hauonekani maili 2, nyingi huanza kufifia kabla ya usiku wa manane, na chumvi huzila kwa muda mfupi. Anayenunua atafute taa iliyoandikwa kwamba ni ya nanga, yenye mwanga mweupe, wa pande zote, usiomweka, wa kuonekana maili 2, na iliyozibwa maji yasiingie.

Baada ya hapo, iwepo swichi yenye nafasi tatu: kuwasha kwa mkono, kuzima kabisa, na kuiachia taa ijiendeshe. Taa isiyo na swichi, yenye kujiendesha tu, ina upungufu ambao tutaueleza hivi punde.

Fundi atakapofunga, jicho litazame juu mbinguni, mbali na taa yenyewe. Likiwekwa mahali linapoiona taa yake, taa itawaka, jicho litadhani ni mchana na kuizima, kisha litaona giza na kuiwasha tena, usiku kucha. Lisiwekwe chini ya turubai wala chini ya tanga lililokunjwa, kwani huko ni usiku daima, na betri itaisha kabla ya magharibi. Taa yenyewe iwe juu, pasiwe na mlingoti mnene wala injini ya kuukinga mwanga upande wowote. Fyuzi iwe karibu na betri. Viungo vya waya vipakwe grisi na kuzibwa vizuri, kwani adui mkubwa wa umeme wa baharini ni kutu ya chumvi, naye hufanya kazi kimya kimya.

Mwisho, fundi aulizwe swali hili: waya wa jicho ukikatika, taa itabaki imewaka au itabaki imezimika? Yawezekana kuipanga saketi hivi kwamba jicho likiharibika taa ihesabu kuwa ni giza na iwake. Hasara ya kuwaka bure ni betri. Hasara ya kutowaka huenda ikawa roho.

Ambayo jicho haliyajui

Sasa tumefika kwenye kazi ambayo kifaa hiki kimemwachia mwenye chombo.

Jicho hujua mwanga na giza tu, halijui mvua. Wakati wa masika mvua ya mchana yaweza kuifunga bahari mtu asione mashua iliyo mbele yake, na bado kukawa na mwanga wa kutosha kulifanya jicho liseme ni mchana. Kanuni inataka taa hapo, na ni mkono wa binadamu utakaoigeuza swichi.

Jicho halijui pia tofauti ya jua na taa ya gati. Chombo kilichofungwa karibu na mataa makubwa ya bandari au ya hoteli chaweza kukesha bila taa, kwa kuwa jicho lake linaoga mwanga wa wenyewe. Mahali hapo taa iwashwe kwa mkono.

Tena jicho halijui kwamba nanga imeng'olewa. Hapa ndipo upungufu wa taa isiyo na swichi unapodhihirika. Taa ya nanga hushuhudia kwamba chombo kimesimama. Jahazi lenye kwenda kwa tanga usiku huku likionyesha taa ya nanga linatoa ushahidi wa uongo; anayeliona atalikwepa kama kitu kilichotulia, kumbe linamjia. Nanga ikipanda, taa ya nanga izimwe na taa za safari zishike nafasi yake.

Wala jicho halijui hali ya betri, au kwamba kunguru ameliachia kinyesi bamba la sola, au kwamba waya umeliwa na kutu tangu wiki iliyopita. Litafungua njia ya umeme kwa uaminifu wake wote, na hakuna kitakachopita.

Kazi ya nyumbani

Kwa sababu hiyo tunashauri desturi ndogo ambayo haihitaji ufundi, na ambayo mama, binti au kijana yeyote wa nyumbani aweza kuisimamia. Kila wiki, baada ya sala ya alasiri, kabla ya chombo kushuka majini, jicho lifunikwe kwa kitambaa cheusi kizito. Kipande cha buibui kuukuu kilichokunjwa mara mbili tatu chatosha. Isubiriwe dakika chache, kwa kuwa kihisi kizuri hakikurupuki. Taa ikiwaka, kitambaa kiondolewe na itazamwe kama itazimika. Kisha bamba na kioo cha taa vifutwe kwa kitambaa kilicholoweshwa maji matamu, si ya chumvi, na viungo vya waya viangaliwe kama vimeota ukungu wa kijani.

Kwa chombo kinacholala karibu na mji, watoto wapewe kazi ya kutazama. Kusikia adhana ya magharibi, kuangalia ufuoni kama taa ya chombo cha baba imewaka, na kuja kusema nyumbani, ni malezi katika uangalifu ambayo hayapatikani kwa maneno matupu.

Kwa vyama vya akina mama na kwa mama karanga wanaotegemea samaki wa vyombo fulani, tunapendekeza jambo hili lipelekwe katika kikao cha BMU ya ufuo wao. Taa zikinunuliwa kwa pamoja hupatikana za aina moja, fundi mmoja huzijua zote, na vipuri huwa rahisi. Tena taa ya chombo kimoja haikingi ufuo mzima. Vyombo tisa vikiwa na taa na cha kumi hakina, nahodha mgeni atapita pale pale palipo na giza, akidhani ndipo palipo wazi.

Amana yenyewe

Yupo atakayeuliza kuhusu wasia wa Mtume wetu (S.A.W.) wa kuzima taa wakati wa kulala. Wanazuoni, akiwemo Imam Nawawi, wameeleza kwamba sababu ya wasia huo ni kuhofia moto, na pale hofu hiyo inapoondoka, katazo nalo huondoka. Taa ya LED haina utambi wala ulimi wa moto. Wasia ule na taa hii vinakwenda upande mmoja, maana vyote viwili vimekusudia kuwalinda watu waliolala.

Na wapo watakaosema kwamba ajali ni kadari, na mwenye kuandikiwa hakwepi. Kadari ni haki, na sisi tunaiamini. Lakini dini hiyo hiyo iliyotufundisha kadari imetufundisha tumfunge ngamia kwanza ndipo tutawakali. Imetufundisha kwamba kuondoa chenye kudhuru njiani ni tawi la imani, na njia ya bahari ni njia kama njia nyingine. Chombo kilicholala gizani katika mkondo ni jiwe lililoachwa barabarani usiku. Mwenye kuliacha hakujidhuru nafsi yake peke yake. Amemdhuru nahodha atakayeligonga, na abiria wake, na watoto wa nyumba mbili ambazo huenda hazijuani hata majina. Fiqhi yetu imejengwa juu ya kanuni kwamba haifai mtu kudhuru wala watu kudhuriana, na hakuna udhuru wa kusema taa ilikuwa ya kujiwasha yenyewe. Kifaa hakina amana. Amana ni ya aliyekifunga, na ya aliyeacha kukikagua.

Kwa hivyo tunawaambia akina mama waliotuuliza: toeni fedha hizo. Nunueni taa nzuri yenye jicho zuri, na pamoja nayo nunueni kile kitambaa cheusi, kitundikeni msumarini karibu na mlango pale mahali pa kasia na ndoo, na kila mtu wa nyumba ajue kazi yake.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awahifadhi walio baharini usiku wa leo, walio macho na waliolala, awarudishe kwa watu wao wakiwa salama na riziki ya halali, na atujaalie tuwe miongoni mwa wale ambao jirani zao wamesalimika na madhara yao. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.